Limeshindiliwa

Walilileta limefungwa kwenye shuka la kitanda,
udongo wa Uru bado umelishika kiunoni.
Tulidhani bomba la maji, akasema Proches,
tulikuwa tunachimba shimo la choo, jembe likalia kang'!
hatua tatu toka zizini, chini ya migomba.
Polisi walishapita. Afande aliandika kitabuni
*bunduki, moja, mbovu*,
akagonga muhuri, akajifuta mkono kwenye suruali.

Mimi ni fundi wa betri, hapa Pasua, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Proches anauliza chuma chakavu siku hizi kilo ngapi.
Bibi yake, Mama Sekunda, anataka ling'ae
kama sufuria la Krismasi,
alitundike sebuleni chini ya Moyo Mtakatifu.
Mimi nikaomba ufito.

Niliuteremsha mtutuni polepole,
kama mtu anayepima mafuta ya lori asiloliamini,
nikatia alama ya mkaa pale mdomoni.
Nikautoa, nikaulaza juu ya mtutu, kwa nje.
Haukufika mwisho.
Ulipungua vidole vinne.

Mbona umenyamaza, fundi?
Mama, nikasema, limeshindiliwa.

Proches alizima simu. Alirudi nyuma
hadi mgongo ukagusa ukuta wenye grisi.
Miaka yote ile watoto wamecheza juu yake,
mbuzi wamezaa juu yake,
na lenyewe limelala na tonge mdomoni, halikutema, halikumeza.

Siku sita nililizamisha kwenye beseni,
maji yakipenya kitundu cha moto, yakilainisha kilichomo.
Ya saba nikachomelea skrubu kwenye spoki ya baiskeli,
nikazungusha, nikavuta.
Kwanza zikatoka nyuzi za mgomba, zimekunjwa mara tatu
kwa adabu, kama noti ya sadaka.
Halafu vipande viwili vya msumari,
na kipande cha bangili ya shaba.
Mwisho baruti, tope jeusi, lisilo na hasira tena.

Mama Sekunda aliichukua ile shaba,
akaiweka kwenye mfupa wa mkono wake.
Ilikaa.
Hakusema neno. Sikumuuliza.

Yaliyobaki ni kazi.
Waya hasi kwenye gobori, chanya kwenye jembe kuukuu,
magadi ya maharage ya shilingi mia tano,
betri ya Fuso iliyokataa kuwasha Fuso.
Usiku kucha mapovu, madogo, yakinong'ona,
asubuhi maji rangi ya chai ya rangi,
na kutu imelala chini ya beseni kama unga wa mhogo uliooza.
Msasa sikuugusa. Msasa hauulizi,
unakula kutu na alama ya fundi aliyelifua kwa pamoja.
Nilitumia mswaki. Nilitumia mwiba wa mchongoma.
Nikalichemsha kwa maji ya mvua, mara nne,
mpaka chumvi ikakata tamaa.
Nikalipaka maji ya gome la muwati, likageuka jeusi,
na likiwa bado moto nikalilisha nta ya nyuki.

Mbona jeusi, akalalamika bibi.
Ndivyo linavyopona, mama.
Msilishike kwa mikono mitupu, jasho lina chumvi.
Akalishika kwa mikono yote miwili.

Kisha akamgeukia mjukuu:
Mlipolikuta, mdomo ulielekea wapi?
Proches alikuna kisogo.
Kama nakumbuka vizuri, bibi,
ulielekea nyumbani.

Nilisema elfu kumi na tano.
Walilipa elfu kumi na mbili na mkungu mmoja wa ndizi.

Ule ufito uko hapo dirishani, na alama yake ya mkaa.
Jana mteja aliunyakua apimie mafuta ya jenereta.
Nikamwambia rudisha, huo una kazi.
Kazi gani, akauliza,
na mimi nikajifanya natafuta spana.